Tulishinda Arusha, Jalada Likabaki Limefungwa Mwanza

Mwaka 2010 mdogo wangu alihukumiwa kifungo cha miaka 30 kwa kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha. Kama alitenda au hakutenda, hilo nimelipigania katika kila ngazi na sitalirudia hapa. Ninaandika kwa sababu mwaka 2021 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilitamka kwamba haki yake ya kutetewa ilivunjwa, nami nikaamini kwamba kazi imekwisha. Makosa niliyoyafanya baada ya siku ile yalitugharimu kuliko yale niliyoyafanya kabla yake, na karibu yote yalitokana na kutojua hukumu ya mahakama ya kimataifa huingia kwa mlango gani katika mahakama za nchini.

Kesi ilisikilizwa katika mahakama ya wilaya, na mdogo wangu hakuwa na wakili. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Sikuweza kuhudhuria ila siku mbili. Siku mojawapo shahidi wa mashtaka alieleza jinsi alivyomtambua usiku kwa mwanga wa taa ya kandili. Alipomaliza, hakimu akamwuliza mdogo wangu kama ana maswali kwa shahidi. Alisimama, akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, akasema, "Mheshimiwa, huyu anasema uongo." Hakimu akamweleza kwamba hilo si swali. Akakaa kimya kidogo akitafuta namna ya kulifanya liwe swali, kisha akakaa chini. Miaka mitatu baadaye nilipopata mwenendo wa kesi, uliokuwa umeandikwa kwa Kiingereza kama ilivyokuwa desturi wakati huo ingawa watu wote mle chumbani walizungumza Kiswahili, tukio lile lilikuwa mstari mmoja tu: mshtakiwa hana maswali.

Rufaa ya kwanza ilikataliwa na Mahakama Kuu mwaka 2012, na ya pili na Mahakama ya Rufani mwaka 2014. Sababu za rufaa aliziandika mwenyewe akiwa katika gereza la Butimba, Mwanza, akisaidiwa na wafungwa wenzake waliokwisha kuzizoea karatasi hizo, na zote zilihusu ile taa ya kandili: ilikuwa umbali gani, ilikuwa na mwanga kiasi gani, nani aliishika. Hakuna hata sababu moja iliyosema kwamba mtu anayekabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30 alipaswa kupewa wakili. Si yeye, si mimi, si wenzake wa gerezani aliyejua kuwa hiyo ni hoja. Kwa hiyo nikiulizwa na mtu mwenye ndugu aliye mahakamani leo aanzie wapi, humwambia asisubiri ngazi za juu. Jambo linalohusu haki ya msingi litajwe mbele ya hakimu wa kwanza kabisa, hata kwa maneno ya kawaida, na ahakikishe limeandikwa katika mwenendo wa kesi, kwa maana kisichokuwa katika mwenendo huwa hakikutokea.

Nilifika Arusha mara ya kwanza mwaka 2016, nikiwa na bahasha ya kaki na anwani niliyoinakili vibaya. Basi linalotoka Mwanza kupitia Singida na Babati huingia mjini kwa Barabara ya Dodoma, hivyo nilipita mbele ya jengo lenyewe alfajiri nikiwa nimesinzia, nikaenda kushuka stendi, na saa tatu nikajikuta kwenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nikiomba kuwasilisha malalamiko. Kijana wa mapokezi alinieleza kwa upole kwamba Mahakama ya Afrika Mashariki ni nyingine. Ile husikiliza mambo ya Mkataba wa Jumuiya, na mtu binafsi hupewa miezi miwili tu tangu tendo analolilalamikia litokee au alijue. Ninayoitafuta mimi ni ya Umoja wa Afrika, na ipo kule kule nilikotokea, njia ya kwenda Makuyuni. Zote mbili ziko Arusha, mjini humo humo ilipokuwa pia ile ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, na sijawahi kukutana na mtu wa kawaida anayezitofautisha. Ukikosea mlango unapoteza siku. Ukikosea muda unapoteza kesi.

Kusajili maombi katika Mahakama ya Afrika hakulipiwi ada. Nalitaja hili mapema kwa sababu kabla ya safari ile nilikuwa nimemlipa shilingi 800,000 bwana mmoja aliyejiita mshauri wa sheria, aliyeniambia kuwa fedha hizo ni "za dirishani". Hakuna dirisha. Mahakama yenyewe baadaye ilitusaidia kupata wakili aliyefanya kazi bila kutudai. Fedha zetu ziliishia kwenye nauli, fotokopi, kupata nakala zilizothibitishwa za hukumu, na siku ambazo sikufundisha masomo ya ziada. Katika daftari langu, hadi mwaka 2021 zilifika shilingi 4,370,000, pamoja na zile laki nane za ujinga.

Kisha tukasubiri miaka mitano. Katikati yake, Novemba 2019, serikali ya Tanzania ilitangaza kuondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo. Siku ile nilimpigia wakili simu nikilia. Akaniambia kwamba kujitoa huko kungeanza kufanya kazi baada ya mwaka mmoja, yaani Novemba 2020, na kwamba kesi zilizokwisha kusajiliwa zitaendelea. Ndivyo ilivyokuwa. Kwa anayesoma leo akiwa Tanzania, mlango ule wa moja kwa moja umefungwa. Uliobaki ni Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, Gambia, ambayo nayo inaweza kulipeleka shauri mbele ya mahakama ya Arusha. Ndiyo njia waliyopita Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya, kwa kuwa Kenya haikuwahi kutoa tamko hilo, nao wakashinda mwaka 2017.

Hukumu yetu ilisomwa kwa njia ya mtandao. Niliisikiliza kwa simu katika chumba cha walimu, na wenzangu wakakaa kimya kana kwamba tuko msibani. Mahakama ilisema kwamba haiwezi kuingilia namna mahakama za nchini zilivyoupima ushahidi wa utambuzi, kwa kuwa haikuona dosari iliyo wazi. Ile taa ya kandili, ambayo tuliihangaikia miaka kumi, ilipita kwa aya chache. Halafu ikaja hoja ya wakili. Wakasema kwamba mtu asiye na uwezo, anayeshtakiwa kwa kosa zito lenye adhabu kubwa, anapaswa kupewa msaada wa kisheria bila malipo, awe ameuomba au hakuuomba, na kwamba kutompa ni kuvunja Ibara ya 7 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Upande wa serikali ulikuwa umesema kwamba hatukuwahi kuiibua hoja hii nchini. Majaji walijibu kuwa haki hiyo ni sehemu ya fungu la haki za mtu anayeshtakiwa, na kwamba mahakama za nchini zilikuwa na nafasi ya kuiona hata bila kuambiwa. Msimamo huo walikuwa nao tangu kesi ya Alex Thomas ya mwaka 2015.

Nilipiga vigelegele. Sikusikia vizuri yaliyofuata. Ombi la kuachiwa huru lilikataliwa, kwa sababu mahakama hiyo huamuru mtu aachiwe pale tu panapokuwa na mazingira ya kipekee. Fidia ilikuwa shilingi 300,000, kiasi ambacho mahakama hiyo imekitoa katika kesi kadhaa za aina hii.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Butimba. Mdogo wangu alinisikiliza, kisha akauliza, "Sasa dada, natoka lini?" Nikamwambia asubiri, barua itakuja. Nilimaanisha barua kutoka Arusha kwenda serikalini, kutoka serikalini kwenda mahakamani, kutoka mahakamani kwenda gerezani. Nilidhani mahakama hizi zimepangwa kama ngazi, Arusha ikiwa juu ya Mahakama ya Rufani kama Mahakama ya Rufani ilivyo juu ya Mahakama Kuu, na kwamba amri hushuka yenyewe kama maji. Nilikaa na imani hiyo miezi kumi na minne.

Aliyenizindua alikuwa karani wa masijala, mama wa makamo, ambaye alinisikiliza hadi mwisho huku miwani ikiwa imening'inia kwenye kamba. "Mwalimu," akasema, "hukumu yako nimeielewa. Sasa niambie, unaomba nini, na chini ya kanuni ipi?" Sikuwa na jibu. Akafungua kalenda ya ukutani, akaanza kunyanyua kurasa za miezi moja baada ya nyingine kwa ncha ya kalamu, akirudi nyuma hadi siku iliposomwa hukumu ya Arusha. Hakusema neno. Nilihisi aibu ambayo sijaisahau.

Niliyojifunza tangu siku ile nayaeleza kwa lugha yangu, si ya wakili. Arusha si ngazi ya nne ya rufaa, na yenyewe husema hivyo katika hukumu zake. Inapotoa amri, inaiamuru dola, na dola iliahidi kutii ilipokubali Itifaki, yaani makubaliano yaliyoianzisha mahakama hiyo. Jaji wa Mwanza haipokei amri hiyo kama anavyopokea hukumu ya Mahakama ya Rufani. Katika mfumo wetu mkataba wa kimataifa hauwi sheria ya nchi kwa kusainiwa tu. Bunge hulazimika kuuingiza katika sheria. Kwa hiyo hukumu ya Arusha ikiletwa mbele ya jaji wa nchini huwa na uzito wa kushawishi, na jaji anaweza kuifuata, kuitofautisha au kuipita kimya.

Uzito huo wa kushawishi si mdogo, na hapa ndipo niliposhangaa nilipoanza kusoma. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu hapa hapa Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake alikuwa na haki ya kuliuza kama mwanamume, na katika kuikataa mila iliyomzuia alitegemea, pamoja na Katiba, mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania ilikuwa imeiridhia. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, ilisema katika kesi ya Daudi Pete kwamba haki zilizomo katika Katiba yetu zisomwe kwa kuutazama Mkataba wa Afrika. Lakini kuna upande wa pili. Suala la mgombea binafsi, ambalo Mchungaji Mtikila alilipeleka mahakamani kwa miaka mingi, Mahakama ya Rufani ililiachia Bunge mwaka 2010; Arusha ikasema mwaka 2013 kwamba kumzuia mgombea asiye na chama ni kuvunja haki zake, na sheria haijabadilika. Hata Kenya, ambako Katiba ya mwaka 2010 inasema wazi kwamba mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria ya nchi, Mahakama ya Juu ilieleza mwaka 2021, katika kesi ya wakazi waliobomolewa nyumba zao karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, kwamba miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu watu kuhamishwa kwa nguvu ni msaada wa kuitafsiri haki, na yenyewe si sheria.

Turudi kwa karani. Njia pekee iliyokuwepo ya kuligusa jalada lililofungwa mwaka 2014 ilikuwa kuiomba Mahakama ya Rufani ifanye mapitio ya hukumu yake yenyewe, ambayo wengine huyaita marejeo. Kanuni ya 66 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 inatoa sababu tano tu: kosa lililo wazi usoni mwa kumbukumbu lililosababisha haki kupotea, mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa isivyo haki, hukumu kuwa batili, mahakama kukosa mamlaka, au hukumu kupatikana kwa njia haramu, udanganyifu au ushahidi wa uongo. Kushinda katika mahakama ya kimataifa hakumo. Na muda wa kuomba ni siku 60 tangu hukumu itolewe, yaani muda wetu uliisha mwaka 2014, kabla hata sijaijua njia ya Arusha.

Kwa hiyo unaanza kwa kuomba kuongezewa muda, na hapo ndipo miezi yangu kumi na minne iliponihukumu. Mwombaji hutakiwa kueleza kila siku ya kuchelewa. Miaka ya kesi ya Arusha inaelezeka, kwa sababu kuna nyaraka. Siku zinazofuata hukumu ya Arusha zinaelezwaje? Kwamba dada yake alikuwa anasubiri barua? Hati ya kiapo, aliyoapa mdogo wangu, ilisema takriban hivyo hivyo, kwa sababu ndio uliokuwa ukweli. Tulijaribu pia kuifunga hukumu ya Arusha kwenye sababu ya pili, kwamba mtu asiyejua swali ni nini, akisimama peke yake mbele ya shahidi, hakupata nafasi halisi ya kusikilizwa.

Jaji mmoja alitusikiliza. Aliuliza swali moja tu kuhusu Arusha, kwamba hukumu hiyo ilitolewa lini, na wakili alipotaja tarehe nikajua tumeshindwa. Uamuzi wake ulikuwa wa kurasa sita, na kurasa tano zilihusu siku. Sina kinyongo naye. Kwa sheria aliyokuwa nayo mezani nisingeweza kumtegemea aandike vingine. Ningemkimbilia wakili wiki ile ile iliposomwa hukumu, huenda kurasa zile zingegeuka, na kile kilichokuwa katika ukurasa wa mwisho, yaani haki yenyewe, kingejadiliwa.

Jambo jingine lilitokea mwaka 2022, ambalo ndilo limenifanya niandike. Mwanafunzi wangu wa zamani alikamatwa kwa shtaka la aina ile ile, na mama yake akaja nyumbani kwangu jioni akiwa amejifunga kanga mbili kama mtu anayekwenda kuzika. Safari hii sikumwambia asubiri. Nilimpa nakala ya hukumu yetu na nakala ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, nikiwa nimepigia mstari kifungu cha 33, kinachompa jaji au hakimu uwezo wa kutoa cheti ili mshtakiwa asiye na uwezo apatiwe msaada wa kisheria pale maslahi ya haki yanapodai hivyo. Nilimwandikia kijana sentensi mbili za kusema siku ya kwanza, kabla ya shahidi yeyote: kwamba hana uwezo wa kuweka wakili, na kwamba anaiomba mahakama impe cheti chini ya kifungu hicho. Nikamsihi mama yake asimruhusu aongeze hotuba.

Hakimu alitoa cheti. Katika uamuzi wake mfupi hakuitaja Arusha hata mara moja. Alitaja sheria ya Bunge tu. Mwanzoni nilisikitika, maana nilitaka jina la mdogo wangu, au angalau namba ya kesi yake, lisikike mle ndani. Baadaye nikaona kwamba huenda hivi ndivyo hukumu hizi zinavyofanya kazi mara nyingi. Mkataba ukitafsiriwa Arusha mwaka 2015, na sheria ikipitishwa Dodoma mwaka 2017, hakimu wa wilaya mwaka 2022 anasimama juu ya kitu kilicho chake, asichohitaji kukitetea mbele ya mtu yeyote. Tofauti moja imebaki, nayo si ndogo: Arusha inasema wakili atolewe hata kama hakuombwa, ilhali kifungu cha 33 kinategemea hakimu aone kuwa panahitajika. Pengo hilo linazibwa na mtu anayesimama na kuomba.

Wakili aliyepatikana alikuwa kijana mdogo mwenye suti iliyompwaya. Alimwuliza shahidi wa utambuzi maswali mawili: taa ilikuwa wapi, na ni nani mwingine aliyeambiwa jina la mshtakiwa usiku ule kabla polisi hawajafika. La pili halikujibiwa. Mwanafunzi wangu hakuachiwa huru moja kwa moja. Alitiwa hatiani kwa kupokea mali ya wizi, akafungwa miaka miwili. Mama yake aliupokea uamuzi ule kama mtu aliyerudishiwa mtoto.

Sisi tulipeleka marejeleo, yaani ombi la kuuangalia upya uamuzi wa yule jaji mmoja aliyetunyima muda, kwa jopo la majaji watatu. Kanuni zinatoa siku saba tu, nasi tuliwasilisha siku ya tatu. Nilikaa masijala hadi nilipouona muhuri ukigongwa kwenye kila nakala, kisha nikaipiga picha tarehe kwa simu. Mdogo wangu ameniomba nakala nyingine ya hukumu ya Arusha, kwa kuwa ile ya kwanza imezunguka kwa mahabusu hadi imekosa jalada na kurasa za mwanzo. Nimemtolea nakala mbili, na Jumapili nampelekea.